Usomaji wa vinasaba katika maambukizi ya ubongo kwa watoto wachanga

Usomaji wa vinasaba ni njia ya kimaabara ya kutambua virusi vilivyoshambulia ubongo wa mtoto. Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kwa sindano kati ya pingili za kiuno. RNA iliyomo hunakiliwa kuwa DNA na kusomwa. Kompyuta huondoa vinasaba vya mtoto na kulinganisha vinavyobaki na vya vimelea vinavyojulikana. Tofauti na kipimo cha kawaida cha PCR, njia hii haihitaji kirusi kukisiwa mapema.

Mfano wa virusi vilivyobainiwa hivyo ni vya chikungunya, ambavyo vilitambuliwa kwanza kusini mwa Tanzania, katika mlipuko wa 1952–1953 kwenye nyanda za juu za Makonde. Utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2019, ulivibaini kwa njia hii kwa watoto waliougua homa ya uti wa mgongo.