Comic-Con ya San Diego: mwandikaji kijana anakwenda kutafuta nini kule?

Comic-Con ni mukutano mukubwa wa wapenzi wa bédé, filamu, michezo ya video na vitabu vya hadisi. Unafanyika kila mwaka, mwezi wa saba, ku San Diego, muji wa pwani ya California, Marekani. Unakusanya watu zaidi ya 130,000. Wengi wao wanakuja kuona waigizaji wa sinema ao kuvaa nguo za mashujaa wanaowapenda. Lakini kati ya ule umati kuko kila mara kundi lingine: vijana wenye kubeba karatasi ndani ya sakoshi, wanaotafuta kuwa waandikaji. Wanajiuliza kama safari ile inaweza kuwafungulia mulango. Inaweza, lakini si kwa mutu anayefika na wazo tu ndani ya kichwa.

Namna ilianza

Mukutano wa kwanza ulifanywa siku moja tu, tarehe 21 Machi 1970, ndani ya hoteli U.S. Grant. Walikuja watu karibu 100. Mwezi wa nane wa ule mwaka, wale wapenzi wa bédé walifanya mukutano mwingine wa siku 3, na watu wakafika 300. Tangu mwanzo waandikaji walikuwa na kiti chao: kati ya wageni wa 1970 alikuwa Ray Bradbury, mwandikaji mwenye kujulikana wa hadisi za wakati ujao, pamoja na muchoraji Jack Kirby.

Leo mukutano unafanya siku 4 ndani ya jengo kubwa la mikutano karibu na bahari, na kuko pia mangaribi moja ya kutangulia. Nyuma yake kuko shirika lisilotafuta faida. Hata hivi feza nyingi inazunguka mule, juu nyumba za sinema za Hollywood zinakuja kutangaza filamu zao. Sale kubwa kuliko zote, yenye kuitwa Hall H, inaingiza watu zaidi ya 6,000, na wengine wanalala inje ku mustari usiku muzima ili wapate kiti.

Kuingia kunaomba maandalizi

Tikete haiuzwi ku mulango. Mutu anafungua kwanza akaunti ku intaneti, halafu anangoja siku ya mauzo. Kwa kawaida zinakwisha haraka sana, na wengi wanabaki mikono mitupu. Baji inabeba jina la mwenyewe, haiwezi kupewa mutu mwingine. Mutu anayeiuza barabarani ao ku WhatsApp anauza hewa.

Kuko pia baji ya watu wa kazi, lakini ile inaomba ushuhuda kwamba mutu amekwisha kuchapishwa ao kufanya kazi ile ya kweli. Mwandikaji anayeanza anaingia kama kila mutu.

Kwa mukaaji wa Bunia, Bukavu ao Kalemie, kizuizi cha kwanza ni viza. Kuomba viza ya kutembea Marekani kunalipwa dola 185, na ile feza hairudishwi hata kama wamekataa. Mahojiano yanafanyiwa ku ambasade, Kinshasa. Mbele ya kufikiria ndege ya California, kuko basi safari ya kuvuka inchi nzima, na hoteli za San Diego zinapanda bei sana ile wiki. Feza ile yote ingeweza kuchapisha kitabu kidogo cha kwanza, na ile hesabu inafaa kufanywa mapema.

Muchoraji anaonyesha, mwandikaji anangoja

Pale Comic-Con kuko meza ambapo kompanyi zinaangalia kazi za wachoraji. Muchoraji anafungua karatasi zake, na kwa dakika chache editeri, ni kusema mutu anayechagua na kutengeneza vitabu ndani ya nyumba ya uchapaji, anaweza kujua kama ana mukono muzuri ao hapana.

Kwa mwandikaji mambo ni tofauti. Hakuna editeri anayeweza kusimama katikati ya makelele na kusoma kurasa 30 za senario. Kuko pia sababu ya sheria. Kompanyi kubwa kama Marvel na DC hazipokei maandishi ambayo hazikuomba. Zinaogopa kesho mutu asimame mbele ya tribinali na kusema: «Filamu ile ni wazo langu, muliniibia.» Kwa hiyo kijana anayemupa editeri bahasha anaweza kuona inarudishwa bila kufunguliwa. Si zarau, ni kanuni.

Image Comics, kompanyi iliyoanzishwa na wachoraji katika 1992, inaacha haki za kazi ku mikono ya wale walioitunga. Lakini nayo inataka kuona kurasa zilizokwisha kuchorwa. Senario peke yake haitoshi. Mwandikaji wa bédé anahitaji basi muchoraji mbele hajahitaji mukutano.

Mufano wa Robert Kirkman

Robert Kirkman alikuwa kijana wa Kentucky asiyejua kuchora sana. Rafiki yake wa masomo, Tony Moore, alijua. Katika 2000 walichapisha wenyewe bédé yao ya kwanza, Battle Pope. Katika 2003 wakaanza The Walking Dead kwa Image Comics, na katika 2010 ikawa filamu ya televisheni iliyoangaliwa duniani pote. Kitu cha kwanza walichoonyesha watu kilikuwa kazi iliyokwisha kuchapwa, iliyolipiwa na wao wenyewe.

Hadisi ile iko na upande mwingine. Moore alichora namba 6 za kwanza tu za The Walking Dead. Katika 2012 alimufikisha Kirkman mbele ya tribinali juu ya haki na feza, na wakapatana mwaka ule ule. Urafiki wa masomo haukutosha kuzuia matata.

Jina la Bill Finger

Kila mwaka pale San Diego wanatoa zawadi yenye kuitwa Bill Finger, kwa ajili ya waandikaji wa bédé. Ilianza katika 2005. Jina lile ni somo kwa kila mutu anayeandika.

Batman alitokea katika 1939. Kwa miaka mingi kila kitabu na kila filamu vilitaja mutungaji mumoja tu, muchoraji Bob Kane. Lakini mwandikaji Bill Finger alikuwa amesaidia kutengeneza nguo za Batman, muji wake na hadisi zake za kwanza. Kane alikuwa na kontra, Finger hakuwa nayo. Finger alikufa katika 1974 bila kuona jina lake pale. Lilianza kuandikwa rasmi pembeni ya lile la Kane katika 2015, miaka 41 kisha kifo chake.

Kwa hiyo mbele ya muchoro wa kwanza, mwandikaji na muchoraji wanapaswa kuandika karatasi moja: kazi ni ya nani, feza itagawanywa namna gani, majina yatawekwa wapi, na itakuwa namna gani kama mumoja ameacha. Hata kama ni kaka na mudogo wake.

Wakongomani walipita njia gani?

Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani katika 1959, ni kati ya wachoraji wa Kongo wanaojulikana zaidi inje ya inchi. Katika 2014 alitoa Madame Livingstone, na senario iliandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Hadisi ile inatokea ku ziwa Tanganyika wakati wa vita ya kwanza ya dunia, wakati Wabeleji walikuwa wanawinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Meli ile ndiyo ilikuja kuitwa Liemba, na wakaaji wa pande za ziwa wanaijua. Kitu cha kwetu kabisa kilipata wasomaji Ulaya.

Pat Masioni, Mukongomani mwingine, alichora namba mbili za Unknown Soldier kwa Vertigo, tawi la DC. Hadisi ile inatokea kaskazini ya Uganda, na mwandikaji wake ni Joshua Dysart, wa Marekani. Lakini ni ya kuangalia: katika hii mifano miwili Mukongomani ndiye muchoraji, na senario iliandikwa na mugeni. Nafasi ya mwandikaji wa kwetu ingali wazi.

Kwa anayeandika Kifaransa, kuko pia milango iliyo karibu zaidi. Festivali Bilili inafanyika Brazzaville tangu 2016. Ile ya Angoulême, Ufaransa, ilianza katika 1974. Johannesburg nayo ilipata Comic Con Africa katika 2018. Mukutano mudogo si mubaya. Kevin Eastman na Peter Laird walionyesha Teenage Mutant Ninja Turtles mara ya kwanza katika 1984, ndani ya mukutano mudogo wa Portsmouth, New Hampshire, na vitabu karibu 3,000 walivyochapisha kwa feza yao na mukopo wa mujomba.

Vitu vya kubeba

Kwa mwandikaji kijana anayefika ku mukutano wowote, mukubwa ao mudogo, kuko mambo machache yenye kusaidia:

- Hadisi fupi moja iliyokwisha, ya kurasa 5 ao 8, yenye kuchorwa na kuchapwa vizuri. Hadisi ndefu ya vitabu 12 ambayo haijaanza haisaidii.
- Sentensi mbili za kueleza hadisi ile. Kama zimekuwa dakika kumi, musikilizaji amekwisha kuondoka.
- Karatasi ndogo yenye jina, namba ya simu na anwani ya intaneti.
- Masikio. Ndani ya sale ndogo waandikaji wanaeleza namna ya kutengeneza senario na kusoma kontra. Pale mustari si murefu kama wa Hall H.
- Saa za kupita ku meza za wale wanaojichapishia vitabu. Wanajua bei ya karatasi, na wengi wanajibu bila kiburi.

Jambo la mwisho ni la kujilinda. Editeri wa kweli halipishi mwandikaji ili amuchapishe. Feza inatoka kwake kwenda kwa mwandikaji. Mutu anayeomba dola «ya kufungua dosie», hata kama anavaa baji ya Comic-Con ku shingo, hatafuti hadisi. Anatafuta feza.