Raha ya Usukani au Amani ya Moyo? Historia Fupi ya Saluni Ndogo za Kifahari

Leo naomba ruhusa niache habari za kompyuta kidogo, niongee magari. Usikimbie! Ukifika mwisho utaona bado tunaongea teknolojia ile ile, ila hii ina tairi nne.

Kisa chenyewe ni hiki. Nimekuwa nikiweka akiba tangu nipate kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu, na mwaka huu nataka kununua gari. Si gari lolote. Nataka ile saluni ndogo ya kifahari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo ukiingia kona inakujibu kana kwamba inakuelewa. Nimebakiza mbili tu: BMW 3 Series na Lexus IS.

Baba ameshatoa hukumu yake: "Kijana wangu, gari ni kufika." Na ana sababu ya kusema hivyo. Miaka miwili iliyopita nilimchukua mama Voi kumleta Nairobi kwa daktari, kwa gari la kifahari nililoazimwa na binamu yangu. La kampuni gani sitasema. Lilizima usiku karibu na Mtito Andei. Malori yanapita yakitutikisa, mama amejifunika leso kiti cha nyuma, nami nimeshika tochi ya simu naitazama injini kana kwamba hitilafu itanipungia mkono. Kumbe kilichoharibika ni kihisi kidogo kama kidole gumba! Tuliingia Nairobi asubuhi tukiwa tumevutwa, na daktari akatupangia siku nyingine.

Kwa hiyo kwangu hili si swali la mabishano ya kijiweni. Nikafanya kile ninachofanya kazini nikirithi programu iliyoandikwa na watu nisiowajua: kabla ya kugusa chochote, nikaisoma historia yake.

Injini kubwa ndani ya gari dogo

Tuanzie Munich, Ujerumani. Mwaka 1959 BMW ilikuwa karibu kufilisika. Ilitengeneza magari makubwa ambayo wachache waliyamudu, na vigari vidogo ambavyo havikuleta faida. Kwenye mkutano wa wenye hisa wa Desemba mwaka huo kampuni ilinusurika kumezwa na Daimler-Benz, yaani watengenezaji wa Mercedes. Tajiri Herbert Quandt akaongeza hisa zake, na BMW ikapata pumzi.

Pumzi hiyo ilizaa BMW 1500, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1961. Ilikuwa saluni ya ukubwa wa kati, ya milango minne, nyepesi na yenye saspensheni nzuri. Halafu likaja gari dogo zaidi la milango miwili, na hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda. Wakubwa wawili wa BMW, Helmut Werner Bönsch na Alex von Falkenhausen, kila mmoja kwa siri yake alimwomba fundi atie injini ya lita 2.0 ndani ya gari lake hilo dogo. Hakuna aliyejua mwenzake amefanya hivyo mpaka magari yote mawili yalipokutana gereji! Wakati huo huo Max Hoffman, aliyekuwa akiingiza BMW Marekani, alikuwa akidai gari lenye nguvu zaidi kwa wateja wake. Mwaka 1968 BMW 2002 ikaanza kuuzwa, ikiwa na nguvu za farasi 100 na uzito wa kama tani moja tu.

Ona jambo hili. Gari hilo halikuanza na utafiti wa soko. Lilianza na wahandisi wawili waliotaka kufurahia safari ya kwenda kazini. 3 Series ya kwanza ilipotoka mwaka 1975, ilirithi roho hiyo.

Mercedes yasema vyote viwili vinawezekana

Mwishoni mwa 1982 Mercedes ikaleta 190, saluni yake ndogo. Gurudumu la nyuma lilishikiliwa na mikono mitano, kila mmoja na kazi yake, ili tairi likae sawa barabarani hata gari likiinama kwenye kona.

Agosti 1983 wakapeleka magari matatu ya toleo la 190E 2.3-16 kwenye njia ya mviringo ya Nardò, kusini mwa Italia, wakaendesha usiku na mchana. Walikamilisha kilomita 50,000 kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 248 kwa saa. Hebu fikiria injini yako ikiimba hivyo kwa zaidi ya saa 200! Mei mwaka uliofuata magari ya aina hiyo hiyo yakapangwa Nürburgring katika mbio za kufungua njia mpya, na madereva mashuhuri wakapewa magari yanayofanana. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Brazil wa miaka 24, Ayrton Senna. Wa pili alikuwa Niki Lauda.

Kwa hiyo wanaosema kwamba raha na uimara ni maji na mafuta, hawajaisoma 190. Gari moja lilivumilia Nardò na kufurahisha Nürburgring. Ila uimara wa namna ile una gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Shika neno hilo, tutalirudia.

Wajapani wanaingia

Toyota ilizindua jina la Lexus Januari 1989 huko Detroit kwa gari kubwa, LS 400. Hata mwaka haujaisha, yalikuja malalamiko machache kuhusu nyaya na taa ya breki. Lexus ikaita magari yote yaliyokuwa yameuzwa, kama 8,000 hivi, watu wake wakayachukua nyumbani kwa wateja na kuyarudisha yakiwa yametengenezwa. Aibu ikageuka sifa. Tangu hapo kwa Lexus kutokuharibika kukawa sehemu ya anasa yenyewe.

Lakini LS ilikuwa kitanda chenye magurudumu. Raha ya usukani ikaja Oktoba 1998 na Toyota Altezza, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama. Ndiyo, Altezza ile ile tunayoijua mitaani kwetu, yenye dashibodi kama saa ya mkononi na taa za nyuma zilizoigwa dunia nzima. Toleo la silinda nne lenye gia za mkono lilitoa farasi 210 kutoka lita 2.0 bila turbo. Ilipata tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani, na nje ikauzwa kama Lexus IS.

Mwaka huo huo wa 1998, BMW ikatoa 3 Series inayoitwa E46 na mashabiki. Zaidi ya milioni tatu ziliuzwa. Usukani wake na uzito wake uliogawanywa vizuri mbele na nyuma vikawa kipimo cha kila mshindani.

Magari mawili, umri mmoja, na mimi mwenyewe ni rika lao. Yamezeekaje? Kwenye E46, tangi la maji ya rejeta na viungo vyake ni vya plastiki, ambayo joto la miaka huifanya ikauke na kupasuka. Katika baadhi ya magari, bati la sakafu pale saspensheni ya nyuma inapofungwa lilichanika. Altezza nayo ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa ratiba, na ukipuuza utajuta. Lakini tazama tofauti: mkanda una tarehe inayojulikana. Plastiki haina. Kwa lugha ya kazi yangu, hitilafu iliyoandikwa kwenye kitabu si sawa na hitilafu inayokusubiri usiku Mtito Andei.

Mafuta ya maisha. Maisha ya nani?

Hapa ndipo nilipogundua kitu. Kwa miaka mingi BMW, kama kampuni nyingine kadhaa, ilisema mafuta ya giaboksi ya otomatiki ni ya "maisha yote", hayabadilishwi. Lakini ZF, kampuni ya Kijerumani inayotengeneza nyingi ya giaboksi hizo, inapendekeza yabadilishwe baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000. Nani mkweli?

Wote, inategemea unaongea na nani. Huko Ulaya na Marekani wengi huyachukua magari haya kwa mkataba wa miaka michache kisha huyarudisha. Kwa mtu huyo mafuta kweli ni ya maisha yote, maana maisha yake na gari ni mafupi. Gari limepangwa limfurahishe yeye, na limgharimu kidogo katika miaka yake. Sisi waandika programu tuna msemo, deni la kiufundi: unakata kona leo, na atakayekuja baada yako atalipa na riba. Wanaolipa ni sisi tunaopokea gari mkono wa pili!

Si kabila, ni uamuzi

Msikimbilie kusema Mjerumani mbaya, Mjapani mzuri. Mwaka 2006 BMW ilileta injini ya 335i iitwayo N54: silinda sita, turbo mbili, mafuta yakirushwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ilichaguliwa Injini ya Mwaka ya Kimataifa 2007 na tena 2008. Mwaka 2010 magari kama 130,000 yakaitwa Marekani, mengi yake kwa sababu ya pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa. Tuzo na aibu, injini moja.

Sasa geuka Lexus. Mwaka 2005 ilitoa IS 250 na IS 350, ndugu wa tumbo moja. IS 250 ilirusha mafuta ndani ya silinda tu. Tatizo ni kwamba petroli ikirushwa huko ndani haioshi tena mgongo wa vali za kuingiza hewa, na mvuke wa oili unaorudishwa injini unaganda pale kuwa masizi. Injini nyingi za IS 250 zikasumbuliwa na masizi hayo, zikawa zinatetemeka na kukosa nguvu. IS 350 ilipewa nozeli za aina mbili, moja ndani ya silinda na nyingine nje kwenye njia ya hewa, na ile ya nje ikaendelea kuosha vali. Kampuni moja, mwaka mmoja, nembo moja. Aliyepata nozeli za ziada alipona.

Halafu kichekesho cha mwisho. Mwaka 2015 BMW ikaweka kwenye 340i injini mpya ya silinda sita, B58, iliyojifunza kutokana na makosa ya waliotangulia na kujijengea jina la uimara. Mwaka 2019 Toyota ilipofufua Supra, ilichukua injini gani? B58 hiyo hiyo! Toyota, yenye jina la magari yasiyokufa, ikaenda Munich kununua moyo.

Na sisi tunaokaa huku?

Hapa Kenya gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likizidi miaka minane, na wengi wetu tunanunua yaliyokaribia mpaka huo kwa sababu bei yake inashikika. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunaanza kusoma kitabu katikati. Jarida la Uingereza likiisifu saluni fulani, mwandishi amepewa mpya kwa wiki moja. Ushauri wake ni wa kweli, kwake. Swali letu ni lingine: gari hili lilitengenezwa liwe zuri kwa nani, na katika mwaka wa ngapi wa maisha yake?

Kwa hiyo nimejiwekea maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Kwanza, kitakachoharibika kinajulikana tarehe yake au kitanishtukiza? Pili, kikiharibika, naweza kukipata Grogan leo, au nitasubiri ndege? Tatu, nina pesa ya kulipa deni la mwenye gari wa kwanza, kando na bei ya kununua?

Nimejibu kwa unyoofu. Kwa raha, moyo wangu uko kwa 340i, sitadanganya. Nimeijaribu barabara ya Limuru na nikatabasamu mpaka shavu likauma. Lakini swali la tatu linanishinda: nikiinunua sibaki na akiba ya matengenezo, na gari kama hilo bila akiba ni programu bila nakala ya pili. Nitachukua IS 350, ile yenye nozeli mbili. Si tamu kama mwenzake kwenye kona, lakini si mkate mkavu.

Nilimweleza baba haya yote, kuanzia Munich hadi Nardò. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Litamfikisha mama yako kwa daktari?" Nikamwambia litafika, na kwenye kona za Voi nitafurahi kidogo. Akacheka. "Basi hiyo kidogo ni yako."

Nanyi wenzangu, mnaonaje? Ungekuwa mimi ungechukua lipi? Haya, wiki njema, na kagua maji ya rejeta kabla ya safari!