Somo Langu, Somo Yangu

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la vitabu vya mitumba mjini Dallas, vitabu vinne kwapani, simu mkononi, namrekodia mwenzangu wa Houston ujumbe wa sauti kumweleza nilichompatia. Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa Kenya. Aliposikia Kiswahili akanisalimu, tukaulizana nyumbani ni wapi na tumefika Texas lini. Kisha akaniuliza, kwa ile namna yetu ya kuuliza, "Na huyo unayeongea naye, ni nani wako, dada?"

Ni nani wako. Swali hilo haliridhiki na jina la mtu. Linataka uzi unaokufunga naye: shangazi, wifi, shemeji, mtani, jirani. Nilifungua kinywa, neno likagoma. Mwishowe nikasema, "Ni rafiki yangu wa mtandaoni." Mama akaitikia kwa adabu, foleni ikasogea. Mimi nikatoka pale na jibu langu limenikaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

Huyo niliyemwita rafiki wa mtandaoni nimejuana naye tangu 2014. Anajua mwanangu mdogo hulala na taa imewashwa. Namjua mama yake kwa sauti na kwa maradhi yake. Katika kundi letu tuko saba: watatu tunaishi kati ya Dallas na Fort Worth, wanne wako Houston. Mmoja ni muuguzi wa zamu ya usiku, mmoja dereva wa lori, mmoja mwalimu. Wengine watatu wanahudumia wazee majumbani. Mimi hufanya kazi kwenye ghala. Kilichotukutanisha ni vitabu, na tulipendana miaka mitatu kabla ya kuonana ana kwa ana. Kati yetu ipo barabara kuu namba 45 na mwendo wa kilomita 385 hivi, karibu mara mbili ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro.

Neno mtandao lenyewe silo baya. Limetoka katika kutanda, kama wingu linavyotanda, kama utando wa buibui ambao watu wa pwani huuita tandabui. Watunzi wa istilahi wametupa mengine mazuri. Kundi sogozi limetokana na kusogoa, yaani kupiga soga, na ndani yake kuna baraza zima la jioni. Barua pepe, kila nikiitamka, masikio yangu husikia upepo. Lakini hayo ni majina ya vyombo. Ukimwita mtu rafiki wa mtandaoni umetaja uzi wa buibui, hujataja kilichonaswa. Tena unampunguzia hadhi, maana msikilizaji husikia kuwa yupo rafiki wa kweli kwingine, na huyu ni wa kwenye kioo.

Nikarudi kwenye maneno tuliyorithi, nione Kiswahili humpaje rafiki jina. Rafiki ametoka katika Kiarabu, na kwa asili ni mwenza wa safari. Sahibu ni anayefuatana nawe. Mwandani, kwa sikio langu, amebeba ndani: ni mtu aliyeingizwa ndani yako, aliyepita sebuleni akafika uani. Msiri ni wa siri. Mwenzi ni wa kuwa pamoja. Vijana wa Dar es Salaam wakaongeza mshikaji, na hilo nalo lina mkono unaoshika. Katika yote hayo hakuna hata moja linalotaja chombo. Kiswahili hutazama mnachofanya pamoja, kikakiita hicho.

Hata urafiki wa watu wasioonana hatukuuanza sisi. Wazazi wetu walikuwa na kadi za salamu. Ulinunua kadi dukani, ukajaza majina ya unaowasalimu, ukaipeleka posta, ukangoja redioni mtangazaji aisome. Watu walijuana miaka na miaka kwa majina ya utani, huyu Mbeya, yule Tanga, mwingine Kisumu, na wapo waliofunga safari kwenda kuzikana. Redio ndiyo iliyobeba, lakini sikumbuki mtu aliyewaita marafiki wa redio. Tuliwaita wapenzi wa salamu. Jina lao lilitokana na kile walichopeana.

Basi sisi tunapeana nini? Tunapeana kusoma. Hapo ndipo nilipoanza kulichimba neno hilo.

Kitabu tunakitaja kwa neno la Kiarabu, lakini pwani lilikuwepo pia neno chuo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkal, na chuo hapo ni kitabu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu kwenda mahali kinaposomwa: mtoto akapelekwa chuoni kusoma Kurani, na aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Leo chuo ni jengo lenye geti na ada. Mimi hulipenda neno hili kwa safari yake, kwa sababu linakiri kwamba kitabu kikisomwa na wengi huwa mahali. Sisi saba hatuna jengo. Tunachokisoma ndicho chuo chetu.

Na vitabu vyenyewe tunaviita tofauti. Mwenzetu wa Fort Worth ni mzaliwa wa Lubumbashi, na kwake kitabu ni buku. Mara ya kwanza aliposema amepata buku zuri, sisi wa Dar es Salaam, tuliozoea kuiita shilingi elfu moja buku, tulidhani ameokota pesa. Ndiye aliyetuletea Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi mwenzake. Tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 2015 na Deep Vellum, shirika la uchapishaji lililoanzishwa hapahapa Dallas mwaka 2013. Alitusimulia jinsi alivyokiona kitabu dukani, akasoma jina la mji wake kwenye maelezo ya mwandishi, akakaa chini palepale kati ya rafu. Mji alioukimbia ulikuwa umemtangulia kufika.

Kitenzi kusoma nacho kina historia kubwa kuliko kinavyoonekana. Huko Buganda, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, waliofuata dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji. Kwa Wagikuyu Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, kwa maana hiyohiyo. Kusoma kulikuwa kuingia katika jamaa mpya, na aliyesoma na wewe alikuwa wa kwenu hata kama hamkuzaliwa mji mmoja. Pwani tuna hitima: juzuu thelathini za Kurani hugawanywa kwa watu thelathini, kila mmoja akashika yake, na kwa kikao kimoja msahafu mzima ukawa umesomwa. Hakuna aliyesoma yote peke yake, na hakuna asiyehesabiwa kuwa amehitimisha. Anayesema kusoma ni shughuli ya mpweke hajawahi kukaa kwenye hitima.

Tena kitenzi hiki kinanyumbulika kwa namna ya ajabu. Nasoma. Namsomea mgonjwa. Tunasomeana. Katika neno hilo moja la mwisho kuna msomaji, kuna msikilizaji, kuna kuzunguka zamu, na kuna huruma, kwa sababu kiambishi cha kutendea kinasema hili nalifanya kwa ajili yako na kiambishi cha kutendana kinasema nawe kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo tulivyomaliza Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tulikuwa na nakala mbili tu. Mwalimu wetu wa Houston, mtu wa Unguja, alirekodi sura baada ya sura kwa lafudhi ya kwao, na dereva wetu akazisikiliza akiwa njiani usiku. Alituambia kwamba mara mbili alipita kituo cha mafuta alichokusudia kusimama, kwa kuwa Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, alikuwa hajafika.

Kwa kuchagua vitabu tunakula kikoa. Neno hilo la pwani ni la chakula: leo unapika wewe, kesho mimi, keshokutwa yule, na wote tunakula kote. Zamu yangu niliwapa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Mwenzetu aliyesoma Kenya akatupa Siku Njema ya Ken Walibora, kitabu alichokuwa amekichoka shuleni kwa mitihani, akakisoma upya na kulia katika kurasa zilezile alizokuwa akizikariri. Kikoa kina sharti lake lisiloandikwa. Huruhusiwi kususa sahani ya mwenzako. Waweza kusema chumvi imezidi, lakini kwanza uonje.

Na kama kilivyo chakula, kitabu huvuta mengine. Huwezi kumwuliza mtu amefika ukurasa wa ngapi bila kumwuliza ameamkaje. Kidogo kidogo yakaingia homa za watoto, karatasi za uhamiaji, bei ya kodi, na mchicha uliokubali kuota kwenye udongo wa Arlington. Agosti 2017, mvua za kimbunga Harvey zilipoizamisha Houston, wenzetu wawili walipandisha watoto ghorofani kwa jirani, na mmoja wao akatuandikia kwamba ameokoa pasi za kusafiria, dawa, na vitabu vitatu. Hatukumwuliza kwa nini vitabu. Tulisema pole, na pole yetu ilikuwa na unga, mablanketi na lori. Februari 2021 barafu ilipokata umeme katika mamilioni ya nyumba za Texas, zamu ikageuka. Houston nao walikuwa gizani, lakini kila jioni tuliitana majina kwa ujumbe mfupi kulinda chaji: yupo, yupo, yupo. Jina lisiloitikia lilitafutwa mpaka lipatikane.

Sasa naona wazi kwamba neno nililolikosa kwenye foleni nilikuwa nalo tangu utotoni. Bibi yangu wa Pangani alikuwa na shoga yake waliyezoeana tangu usichana. Kila alfajiri bibi alifungua dirisha la uani akaita, "Somo! Somo yangu, umeamkaje?" Mimi mtoto wa shule nilishangaa, maana kwangu somo lilikuwa hesabu na jiografia.

Kamusi zetu zinampa somo nafasi zaidi ya moja. Somo ni kile kinachosomwa au kufundishwa. Somo ni mwandani, rafiki wa siri. Somo ni mtu mnayechangia jina. Na somo ni kungwi, mwanamke anayemfunda mwari. Mimi nawaona hawa wote wamekaa mkeka mmoja, na kungwi ndiye aliyeketi katikati, kwa sababu yeye ni rafiki na ni mafunzo kwa wakati mmoja.

Sarufi nayo inalinda heshima ya neno hili kwa herufi moja. Ukisema somo langu, umetaja kitu: kipindi, funzo, jambo la daftarini. Ukisema somo yangu, umemtaja mtu, kama unavyosema rafiki yangu na shoga yangu. Yaani lugha yetu imeweka kusoma na kupendana katika neno moja, ikaacha mlango mwembamba kati yake, na mlango huo unaufungua kwa kubadili langu kuwa yangu. Sijui jina linalowafaa kuliko hili watu waliokutana kwenye kitabu wakabaki kwenye maisha. Najua vijana wengi wa leo hawalitumii kwa maana hiyo, na ndiyo maana naliandikia. Neno lisiloitwa hudhani limesahauliwa. Tuliite.

Mwaka juzi mwenzetu wa Lubumbashi alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la mwalimu wa Houston, yule aliyetusomea Peponi. Tulipanga kukutana Centerville, mji mdogo ulio karibu nusu ya safari, ili kila upande uendeshe mwendo sawa. Mwalimu alimpokea mtoto mikononi, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ileile tuliyoizoea simuni, "Hujambo, somo yangu."

Sasa kila Jumapili usiku humrekodia hadithi moja fupi. Mama yake anasema mtoto ameanza kuitambua sauti kabla hajaona picha, na sauti ikianza tu huinuka, hushika simu kwa mikono miwili, na kulitamka neno alilolisikia mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe: "Tomo." Herufi itanyooka. Mengine yote yamekwisha kunyooka: ana jina la mtu, ana hadithi anayosomewa, na ana mwandani wa mbali anayemngoja aitike.

Nikikutana tena na yule mama wa foleni, nina jibu. Ni somo yangu.