Bunduki ya Kimya na Koyote Asiyeisha

Kulikuwa na Hiram Maxim wawili, baba na mwana, na ukiwachanganya hadithi yote inaharibika.

Baba ni Hiram Stevens Maxim, mzaliwa wa Maine, Marekani, mwaka 1840. Alihamia London, na mwaka 1884 akaunda bunduki iliyotumia nguvu ya teke lake lenyewe kutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya. Wewe unashika tu traiga, nayo inaendelea kutema. Huyu ndiye Maxim aliyefika kwetu. Bombomu yake ilipanda na Lugard hadi Kampala mwishoni mwa 1890, ikiwa tayari imechoka juu ilikuwa imevuka Afrika na msafara wa Stanley, na Januari 1892 ikafyatuliwa kwenye vita vya Mengo. Waingereza walipoenda kuwavunja Wanandi mwaka 1905, mwaka waliomuua Koitalel arap Samoei, bombomu za Maxim zilikuwemo pia.

Mwana ni Hiram Percy Maxim, aliyezaliwa 1869. Mzee alipohamia Uingereza, mke wake wa kwanza na watoto walibaki Marekani. Percy alisomea uhandisi MIT, akafanya kazi ya magari mjini Hartford, na tarehe 30 Machi 1909 akapewa hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Akakiita sailensa.

Hapa mtu angeweza kukutungia hadithi tamu: masikio ya mzee yaliharibiwa na miaka ya kujaribu bunduki zake, uzeeni akawa kiziwi, basi mwana kwa huruma akaleta kimya. Mimi siiamini. Baba na mwana hawakuwa watu wa kukaa pamoja, na Percy mwenyewe alieleza kwamba alitaka tu kulenga shabaha bila kusumbua wengine. Mtu alitaka kucheza na bunduki yake kwa amani, basi.

Sailensa sisi tunaijua kutoka gereji. Ni ile kitu fundi anakwambia imetoboka, au ile kijana wa nduthi ameitoa makusudi ndio mtaa mzima ujue amefika. Ile ya gari na ile ya bunduki zinafanya kazi moja, na kampuni ya Percy baadaye iliachana kabisa na bunduki ikabaki na za injini. Baruti ikiwaka ndani ya mtutu inageuka gesi yenye joto na presha kubwa. Risasi ikishatoka, gesi inaruka nje nyuma yake kwa mara moja, kama soda iliyotikiswa ikifunguliwa, na huo mruko ndio mlio. Percy aliweka mbele ya mtutu mkebe wenye vyumba ndani, gesi ikalazimika kuzunguka, ikapoa, ikatoka polepole. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia akitazama maji yanavyozunguka yakitoka kwenye bafu. Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo kunishinda, na katika miaka hiyo miwili hakuna mtu aliyenieleza ekzosi vizuri kama hilo bafu.

Sinema nazo zimetudanganya. Ule mlio wa “pyu” haupo. Bunduki ya kuwindia hupita desibeli 160, na sailensa nzuri hupunguza kama 20 hadi 35. Kinachobaki bado ni kelele. Tena risasi inayokwenda kasi kuliko sauti huchapa hewa njia nzima kama mjeledi, na huo mchapo hakuna mkebe unaoweza kuushika. Kinachopotea hasa ni mwelekeo. Unausikia mlio lakini hujui umetoka wapi. Shikilia hapo, tutaparudia tukifika kwa koyote.

Siku Percy alipopata hati yake, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka Ikulu mwezi huo huo, alikuwa baharini akija kwetu kuwinda. Alishuka Mombasa Aprili 1909, na kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512. Kwao Marekani naye alikuwa na Winchester iliyofungwa sailensa ya Maxim. Haikuwa siri wala uhalifu. Mtu yeyote angeweza kununua moja kwa chini ya dola 10.

Sasa koyote. Ni jamaa wa mbweha wetu, ila mkubwa zaidi, kilo 10 hadi 20 hivi, na jina lake linatoka Mexico, kwa lugha ya Wanahuatl. Mwaka 1823 mwanasayansi Thomas Say alimpa jina la Kilatini lenye maana ya mbwa anayebweka. Wafugaji wa kondoo wa magharibi ya Marekani walimpa majina mengine yasiyochapishika. Mwaka 1915 serikali kuu ilianza kutoa pesa za kuua wanyama wala nyama, na 1931 Bunge likapitisha sheria maalum ya kazi hiyo. Silaha kuu ilikuwa sumu: strikinini kwanza, kisha baada ya Vita vya Pili thaliamu na kemikali iliyoitwa 1080. Unaweka kwenye mzoga, unaenda zako. Tai anakufa, mbwa wa jirani anakufa, koyote pia. Nixon alipiga marufuku sumu hizo kwenye ardhi ya serikali kuu mwaka 1972.

Kando ya serikali kulikuwa na mwindaji wa kawaida, na huyu ndiye ananivutia mimi. Si tajiri wa safari. Ni mkulima au fundi mwenye bunduki moja, na tatizo lake ni la hesabu: mnyama wa uzito wa mbwa, mita 200 au 300 mbele, kwenye upepo, anayekimbia akiona kofia yako. Risasi ya dukani ni ghali, na haikutengenezwa kwa bunduki yake hasa. Kwa hiyo anaijaza mwenyewe.

Kujaza risasi si jambo geni. Wawindaji walioangamiza nyati wa Marekani miaka ya 1870 walijijazia wenyewe huko huko porini. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto kitakoni, baruti, na ile ncha inayoruka. Baada ya kufyatua, ganda linabaki, na ganda ndilo la bei. Unalisafisha, unalirudisha umbo kwa mashine ya mkono, unaweka fataki mpya, unapima baruti kwa mizani inayosoma sehemu ndogo sana ya gramu, unabana ncha. Ukikosea kipimo, bunduki inaweza kupasukia usoni pako. Wanaoifanya vizuri huandika kila kitu kwenye daftari, kama mwanamke wa chama anayeweka hesabu za watu wengine.

Bidhaa nyingi za fani hii zilianza kwenye meza za watu kama hao. Fred Huntington wa California, mwaka 1943, risasi zikiwa adimu kwa sababu ya vita, alitengeneza kifaa cha kugeuza maganda yaliyotupwa ya bunduki ndogo kuwa koti la risasi mpya. Alitaka kupiga mnyama fulani wa mawe, mdogo kama pelele, na jina la kampuni yake, RCBS, hadi leo limebeba herufi ya mnyama huyo. Vita vilipoisha, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ambayo jeshi halikuihitaji tena, akawauzia watu hawa kwa bei ya kutupa. Yaani mabaki ya vita yaliishia kwenye koyote. Na ile risasi inayoitwa .22-250, kipenzi cha wawindaji wake, ilizungukazunguka kwenye meza za nyumbani tangu miaka ya 1930, ganda la risasi kubwa likibanwa shingo libebe ncha ndogo, mpaka kampuni ya Remington ilipokubali kuiuza rasmi mwaka 1965. Watu walikuwa wameisubiri kampuni miaka 30.

Sailensa wakati huo ilikuwa imelala. Baada ya mauaji ya magenge ya miaka ya 1920, sheria ya 1934 iliiweka kapu moja na bombomu: isajiliwe, na ilipiwe kodi ya dola 200, zaidi ya 4,000 za leo. Kodi haikubadilishwa miaka 90. Pesa ilivyopungua thamani, 200 ikawa bei ya viatu vizuri, na wawindaji wakarudi. Juu ndivyo koyote anavyowindwa: mtu hukaa kichakani akiiga kilio cha sungura aliyeumia, na mara nyingi wanakuja wawili. Kwa bunduki ya kawaida, wa pili anatimka. Kwa sailensa anasimama, anageuza kichwa huku na huku akitafuta mlio umetoka wapi. Hizo sekunde chache ndizo zinazonunuliwa. Tangu Januari 2026 kodi yenyewe ni sifuri, ingawa usajili umebaki.

Ukipanga yote hayo, kila kitu kilichorekebishwa ni cha mpigaji: masikio yake, bega lake, mfuko wake, umbali wake. Mimi natoka nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo labda sina haki ya kushangaa. Lakini swali la kwa nini koyote haishi lilijibiwa zamani. Mwaka 1940 Adolph Murie alichapisha utafiti wake wa Yellowstone unaoonyesha kwamba si koyote anayemaliza swala wakubwa wa pale. Waliomuua mbwa mwitu ndio waliomfungulia koyote nafasi. Na ukivunja familia ya koyote, majike ambayo yangekaa bila kuzaa huanza kuzaa, na watoto wanaobaki wanapata chakula zaidi.

Mnyama wa nyika za magharibi sasa yuko majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, na kusini amefika Panama. Serikali bado inaua makumi ya maelfu kila mwaka. Aprili 2007 mmoja aliingia kwenye duka la sandwichi katikati ya Chicago, mchana, mlango ukiwa wazi. Akapita wateja, akapanda kwenye friji ya vinywaji, akalala kati ya chupa za juisi mpaka watu wa jiji walipokuja kumchukua.