Pambo la Sinia: Historia Iliyokaa Juu ya Wali wa Pwani

Wanaoandika historia ya chakula cha pwani ya Afrika Mashariki huanzia kwenye sufuria. Huuliza mchele ulitoka wapi, nazi ilianza kukunwa lini, pilau na biriani zililetwa na nani. Vinavyowekwa juu ya wali au ubavuni mwake, kama vile vitunguu vya kukaanga, kachumbari, achari ya ndimu na zafarani, hutajwa mwishoni, tena kwa haraka, kana kwamba ni urembo tu wa mpishi aliyemaliza kazi yake. Kwa maoni yangu hapo historia imeandikwa kichwa chini. Wali wenyewe umebadilika kidogo sana kwa karne nyingi, ilhali pambo lake limebadilika kila biashara ya bahari ilipobadilika. Tena pambo ndilo lililofanya kazi ambayo wali mtupu usingeiweza: lilikata mafuta, likamwonyesha mgeni cheo alichopewa, na likatangaza mkono wa mwenyeji unafika wapi.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ni wa mwaka 1331, pale Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipotua Mogadishu na kukaribishwa kama mgeni wa sultani. Anaeleza wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa kwenye chano kikubwa cha mbao, na juu yake kukawekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Katika chombo kingine kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika kingine tena kulikuwa na maziwa ya mgando, na juu ya maziwa hayo ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: walaji walipomaliza tonge la wali, waliandamanisha na kidogo cha vile vya chumvi na siki. Yaani ndimu iliyokaa juu ya maziwa haikuwekwa ipendeze macho. Ilikuwa na zamu yake mdomoni, baada ya kila tonge lililojaa samli.

Hata kabla ya chakula, mapokezi yenyewe yalikuwa na pambo lake. Sultani alimpelekea mgeni sahani ya tambuu na popoo pamoja na marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Tambuu na popoo ni mazao ya nchi za Asia yenye joto, na marashi yalisafiri kutoka Sham. Mgeni aliyeona vitu hivyo, akaja kuona na tangawizi na siki kwenye sinia, alielewa bila kuambiwa kwamba mwenyeji wake ana watu na majahazi pande zote za bahari. Wali na samli vingeweza kumshibisha, lakini visingempa habari hiyo. Mrashi unaonyunyizia wageni marashi ya mawaridi kwenye harusi za Waswahili mpaka leo ni wa ukoo mmoja na mapokezi hayo ya karne ya 14.

Kuna pingamizi mbili nzito hapa. Ya kwanza ni kwamba huu ni ushahidi wa mtu mmoja, aliyelishwa na sultani, katika mji ambao haukuwa na hali sawa na miji mingine ya pwani. Pingamizi hii ina nguvu, na Ibn Battuta mwenyewe anaipa nguvu zaidi. Alipofika Mombasa katika safari hiyohiyo, alisema watu wa kisiwa hicho hawalimi nafaka bali huletewa kutoka mwambao, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Hata hivyo anataja kuwa miti yao ilikuwa migomba, milimau na mibalungi, pamoja na tunda analoliita jamuni, ambalo sisi tunalijua kama zambarau. Malimau hayo hayakuwa ya ikulu peke yake. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Kwa hiyo ingawa wali wa samli ulikuwa wa wachache, ukali wa ndimu ulikuwa karibu na wengi, na mla samaki anajua kwamba ndimu ndiyo hukata shombo.

Akiolojia nayo inaongeza neno. Katika kisiwa cha Pemba, mabaki ya nafaka yanaonyesha mchele ukichukua nafasi ya uwele kuanzia karne ya 11 hivi, na wanaakiolojia wameuhusisha mwelekeo huo na karamu ambazo wenye uwezo walizitumia kujenga heshima yao mijini. Bakuli za kauri kutoka Ghuba ya Uajemi na China zimefukuliwa katika miji mingi ya kale ya pwani, na baadaye zikaonekana hata zimepachikwa kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Watu waliothamini bakuli kiasi cha kuliweka juu ya kaburi la mkubwa wao hawakuwa watu wa kupakua chakula ovyo. Jinsi chakula kilivyopangwa mbele ya mgeni ilikuwa sehemu ya siasa ya mji.

Baada ya Wareno kufika, vilivyokaa kwenye sinia vilibadilika, lakini nafasi yake ikabaki ileile. Pilipili kali na nyanya ni mimea ya Amerika, na kabla ya mwaka 1492 hazikujulikana katika Bahari ya Hindi. Zile pilipili za vishada alizozionja Ibn Battuta zilikuwa pilipili manga mbichi. Basi kachumbari tunayoijua leo, ya nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu, haiwezi kuwa na umri unaozidi karne tano. Ila kazi yake ni kongwe kuliko viungo vyake: kukaa ubavuni mwa wali wenye mafuta, na kuukata kwa ukali na chumvi. Pilipili mpya ilikuta kiti kimeshawekwa, ikakikalia. Hili ndilo linalonifanya niseme pambo ni ushahidi mzuri kuliko chakula kikuu, kwa kuwa linatuonyesha kwa pamoja kilichodumu na kilichogeuka.

Karne ya 19 ilileta zamu nyingine. Seyyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja, mikarafuu ikaenea Unguja na Pemba, na wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch wakaongezeka mijini. Mapishi ya viungo vingi yakapata nguvu mpya. Biriani ya pwani inaonyesha vizuri namna mapishi hayo yalivyopokewa. Sehemu nyingi za India nyama na wali hufunikwa pamoja katika chungu kimoja. Huku mchuzi mzito hupikwa peke yake na wali peke yake, vikakutana kwenye sinia, na hapo juu ndipo mpishi anapomaliza kazi kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia na kwa michirizi ya zafarani. Zafarani ni ghali, na wengi sasa hutumia rangi ya dukani. Rangi hiyo haina ladha ya kusifiwa, lakini wapishi hawaiachi, kwa sababu wali wa harusi usio na rangi ungeonekana kama dharau kwa wageni.

Pingamizi ya pili inafuata papo hapo: ikiwa viungo ni vya Asia na Amerika, na achari na wali huliwa pamoja India vilevile, cha Mswahili ni kipi? Ni kweli kwamba Ibn Battuta aliona desturi ya achari na wali huko India pia. Hilo linathibitisha kwamba pwani ilikuwa mshiriki wa bahari hiyo kwa muda mrefu, wala halithibitishi kwamba ilikuwa mwigaji. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa zilikuwa kwenye meza ile ya mwaka 1331, na ndizi mbichi za tui la nazi zipo jikoni leo. Kahawa nayo haikuzaliwa kwenye baraza za Mombasa wala Unguja, lakini desturi ya kuinywa chungu, katika vikombe vidogo, ikiandamana na kashata, tende au halua, imekuwa ya baraza hizo. Utamu haukutiwa ndani ya kikombe, uliwekwa kando yake, kwa mantiki ileile ya ndimu na tonge la wali. Utamaduni hupimwa kwa namna unavyopanga vitu, na hapa mpangilio unaonekana wazi katika chakula na katika kinywaji.

Vitabu vya mapishi ya pwani vinavyochapishwa sasa hutoa vipimo vya mchele na nyama kwa uangalifu, kisha humalizia na maneno mawili tu: pamba upendavyo. Maneno hayo yanafuta sehemu ya chakula iliyobeba historia nyingi kuliko zote. Anayekusanya mapishi kwa mabibi wa Lamu, Pemba au Kilwa aandike pia nini huwekwa juu, kwa karamu ipi, kwa mgeni yupi, na zamani kiliwekwa nini badala yake.