Mashine Pepe: Asili Yake na Safari Yake Tangu 1964

Historia ya kompyuta huandikwa aghalabu kama historia ya vyombo: kikubwa hufuatwa na kidogo, cha polepole hufuatwa na cha haraka, na kila kipya humzika mtangulizi wake. Upo hata hivyo uvumbuzi mmoja ambao hauingii katika masimulizi ya namna hiyo, kwa kuwa wenyewe si chombo. Nao ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya, iliyofanyizwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, tena ikafanyizwa barabara hata mfumo endeshi uliomo ukaendelea na kazi zake kana kwamba umo katika kompyuta halisi. Kwa njia hiyo mtu mwenye kompyuta moja mezani aweza kuendesha Windows, Linux na DOS wakati mmoja, kila mfumo katika dirisha lake, bila ya mmoja kuwa na habari za mwenziwe. Watumiaji wengi hudhani kwamba jambo hili lilianza mwaka 1999, programu ya VMware ilipoingia madukani. Dhana hiyo yakosea kwa zaidi ya miaka thelathini, na kosa la tarehe ndilo dogo. Kubwa ni kwamba yaficha namna jambo lenyewe lilivyotokea, maana lilitokana na majaribio ya watu wachache, kando ya mpango rasmi wa kampuni iliyowaajiri.

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta ilikuwa chombo cha kujaza chumba, nayo ilifanya kazi kwa mafungu: mtafiti alipeleka kadi zake zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi baada ya saa nyingi kupokea majibu, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba kadi fulani ina kosa la herufi moja. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupi mno, kila mmoja akaona kama kwamba ni yake peke yake. Hamu ya kugawana wakati wa mashine ikaenea. Lakini IBM ilipotangaza jamii yake ya kompyuta za System/360, tarehe 7 Aprili 1964, kompyuta hizo hazikuwa na kifaa cha kufasiri anwani za kumbukumbu, ambacho wataalamu wa MIT walikiona kuwa cha lazima. MIT ikaipa IBM kisogo, ikachagua mashine ya General Electric kwa mfumo wake mpya wa Multics.

Mwezi Februari mwaka huo huo IBM ilikuwa imefungua kituo kidogo cha utafiti katika mji huo huo wa Cambridge, chini ya Norman Rasmussen, katika jengo lile lile walimokuwa watafiti wa MIT. Ndimo humo, mwishoni mwa 1964, Robert Creasy, aliyewahi kuishughulikia CTSS, pamoja na Les Comeau, walipoanza mradi ulioitwa CP-40. Wazo lao ladhihirisha akili ya mtu aliyekwisha kuona mfumo mkubwa ukielemewa na kazi zake. Badala ya kuandika mfumo mmoja wa kuwahudumia watu wote, waliigawa kazi mafungu mawili. Sehemu ya kwanza, CP, haikuwa na kazi nyingine ila kuikata kompyuta moja iwe kompyuta nyingi, kila moja ikiwa System/360 kamili kwa sura na tabia. Sehemu ya pili, CMS, ilikuwa mfumo mwepesi wa mtu mmoja, usiojua lolote kuhusu wenzi wala zamu, kwa kuwa kila aliyeutumia alipewa mashine yake nzima. Walichukua System/360 ya aina ya 40, wakaiongezea kumbukumbu maalumu ya kufasiri anwani, na Januari 1967 CP-40 ilikuwa ikitumika kila siku. Ilizaa mashine pepe 14, kila moja na kilobaiti 256 za kumbukumbu. Kiasi hicho hakitoshi leo kuhifadhi picha moja ya simu, ila wakati ule kilikuwa milki.

Siri ya ufundi wenyewe si ngumu kueleza. Kompyuta za System/360 zilikuwa na hali mbili za kufanya kazi: hali ya msimamizi, ambamo amri zote zaruhusiwa, na hali ya kawaida, ambamo amri nyeti, kama vile kuamrisha diski au kubadili mipaka ya kumbukumbu, zimekatazwa. Mfumo endeshi wa kawaida hujiweka katika hali ya msimamizi. CP iliishika hali hiyo peke yake, ikaiweka mifumo mingine yote katika hali ya kawaida bila ya kuiarifu. Mfumo mgeni ulipotoa amri nyeti, chuma chenyewe kiliikataa na kuikabidhi CP. Nayo CP ikaitazama, ikaitekeleza kwa niaba ya mgeni katika fungu lake tu, kisha ikamrudishia matokeo. Mgeni akaendelea na kazi akidhani ametii na kutiiwa. Hata akivunja kila kitu, alivyovunja ni vyombo vya chumba chake.

Maneno mgeni na mwenyeji yaliyotumika hapa si ya kubuni, kwa kuwa Waingereza na Wamarekani nao huuita mfumo wa ndani mgeni na ule wa nje mwenyeji. Kiswahili hakikuhitaji kukopa. Jina la mashine yenyewe ndilo lenye historia ya kupinda. Watu wa Cambridge hapo mwanzo waliiita mashine ya bandia. Walipopata habari kwamba David Sayre na wenzake, katika kituo kingine cha IBM huko Yorktown Heights, wameibadili kompyuta ya 7044 na kulitumia neno jingine, lenye shina la Kilatini la nguvu na uwezo, wakaliacha la kwao na kulichukua hilo. Tofauti ni kubwa: la kwanza lilitaja udanganyifu, la pili lataja kitu chenye uwezo kamili japokuwa hakina umbo. Kiswahili kimelifasiri hilo la pili kwa neno pepe, kwa mkondo ule ule wa barua pepe. Neno hilo laeleweka upesi na halina budi kubaki, lakini msomaji wa kamusi atakumbuka kwamba pepe ni punje tupu ya mpunga, ganda lisilo na kiini, ilhali mashine inayotajwa hapa ni kiini kisicho na ganda. Anayelihusisha neno na pepo hayuko mbali sana na ukweli, kwani katika uganga wa pwani mtu apandwaye huitwa kiti, na kiti kimoja chaweza kupandwa na pepo zaidi ya mmoja, kila mmoja na lugha yake. Ama programu inayowasimamia wageni, ambayo mafundi huiita haipavaiza, jina lake ni mzaha wa wanaisimu wasiokusudia: mfumo endeshi uliitwa supavaiza, na kilicho juu ya supavaiza kikapewa kiambishi cha Kigiriki badala ya kile cha Kilatini, ilhali viambishi vyote viwili ni ndugu wa shina moja na maana yao ni “juu ya”.

Wakati huo wote mpango rasmi wa IBM ulikuwa mwingine. Kampuni ilitia nguvu zake katika mfumo mkubwa ulioitwa TSS/360, uliokusudiwa kwa kompyuta ya aina ya 67, nao ukachelewa na ulipofika ulikuwa mzito. Creasy na wenzake waliihamisha kazi yao kwenye kompyuta hiyo hiyo, wakaiita CP-67, na mwaka 1967 maabara ya Lincoln ya MIT ikaipokea na kuipenda. Mwaka 1968 IBM iliruhusu igawiwe wateja, ila bila ya ahadi ya kuihudumia kama bidhaa kamili.

Jaribio lililoithibitisha thamani ya mashine pepe kupita yote halikusudiwi kuonwa na mtu. IBM ilikuwa ikitengeneza kwa siri aina za System/370 zenye kifaa cha kufasiri anwani, na waandishi wa mfumo walihitaji mashine ambayo bado haijawako. Wakaibadili CP-67 ili mashine pepe inayoizaa iwe ya aina ya 370. Lakini kompyuta ya Cambridge ilitumiwa pia na watu wa nje, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vya jirani, na siri ingevuja kama mfumo huo ungewekwa wazi. Basi CP-67 ya kawaida ikaachwa chini, ile iliyobadilishwa ikapakiwa ndani ya mashine pepe moja, ndani yake ikapakiwa CP nyingine iliyoandikwa kwa amri za 370, na ndani ya hiyo ikaendeshwa CMS. Mfumo ulikuwa umekwisha kutembea kabla ya chuma chake kusimama. Tarehe 2 Agosti 1972, IBM ilipozitangaza kompyuta hizo, iliitangaza pamoja nazo VM/370, na kile kilichokuwa jambo la pembeni kikaingia katika orodha ya bidhaa. Ukoo huo haujakatika: IBM bado yauza z/VM, kijukuu cha CP-40.

Nadharia ilikuja baada ya tendo. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo chuma hakina budi kuyatimiza ili kiweze kubeba mashine pepe, na kiini chake ni kwamba kila amri nyeti itolewayo na mgeni lazima inaswe. Sharti hilo ndilo lililovunjwa na kompyuta ndogo. Prosesa za Intel zilizotokana na 8086 ya mwaka 1978 hazikubuniwa kwa wageni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 za Pentium ambazo hazikidhi sharti. Hatari ya amri za namna hii ni kwamba mgeni azitoapo, chuma hakimpigi marufuku wala hakimwarifu mwenyeji. Amri hufanya jambo jingine, au haifanyi lolote, kimya kimya. Kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa na kompyuta yake, wengi waliona kwamba haja ya kuigawa haipo tena, na elimu ya Cambridge ikabaki kwa watumishi wa kompyuta kubwa.

Waliorudi kisimani walikuwa Mendel Rosenblum na wanafunzi wake wa chuo kikuu cha Stanford, ambao mwaka 1997 walichapisha habari za mfumo wao wa Disco. Mwaka 1998 Rosenblum, Diane Greene, Scott Devine, Ellen Wang na Edouard Bugnion wakaanzisha kampuni ya VMware. Njia waliyoitumia kuzishinda amri zile za Intel yafaa kuzingatiwa na mtu wa lugha: waliitafsiri. Programu ya mwenyeji ilizisoma amri nyeti za mgeni kabla hazijatekelezwa, ikaziandika upya kwa maneno salama, ikahifadhi tafsiri ili isirudie kazi mgeni akirejea mahali pale pale. Ilikuwa tafsiri kutoka lugha moja kwenda katika lugha hiyo hiyo. Baadaye mambo yalikwenda mbio. Xen ilitoka Cambridge nyingine, ya Uingereza, mwaka 2003. Intel na AMD zikairekebisha chuma yao mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2007 KVM ikaingia katika Linux, na VirtualBox ikatolewa bure kwa umma.

Kwa mtumiaji wa kawaida, faida kubwa imekuwa ile ile ya mwaka 1967: uhuru wa kukosea. Mashine pepe nzima ni faili. Aweza kuhifadhi nakala ya hali yake ya sasa, akajaribu mfumo asioujua, akafuta asichopaswa kufuta, kisha akairudisha ilivyokuwa kwa kubofya mara moja. Wapo wanaopakia mifumo kwa kufurahisha nafsi tu. Kwa programu ya Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, VM/370 yenyewe huendeshwa leo katika kompyuta ya mapajani, ikazaa tena mashine pepe zake humo humo.

Mchezo huo una upande usio wa mchezo, nao unazihusu idara za lugha za Kiafrika moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambamo istilahi za Kiswahili za kompyuta zilipimwa katika matumizi. Atakayeichunguza kazi hiyo kama ilivyoonwa na watumiaji wake, menyu kwa menyu, itambidi aisimamishe katika mfumo endeshi wa siku zile, na mifumo hiyo haipokei tena marekebisho ya usalama. Mahali pake ni ndani ya mashine pepe iliyokatwa na mtandao. Zito zaidi ni suala la fonti. Kabla Unicode haijaenea, waandishi wa lugha zenye herufi za ziada, mathalani ĩ na ũ za Kikuyu, walitumia fonti zilizochongwa upya, ambamo nafasi ya alama fulani ya Ulaya ilipewa herufi waliyoihitaji. Maandishi hayo yakifunguliwa leo bila ya fonti yake, huonyesha alama ile ya kigeni, na mhariri asiyejua aweza kuisahihisha kama kosa la chapa na kuliharibu neno kabisa. Njia ya hakika ni kunakili disketi mapema, kwa kuwa sumaku yake hufifia, kisha kuusimamisha ndani ya mashine pepe mfumo ule ule, programu ile ile na fonti ile ile, ili maandishi yasomwe kama mwandishi wake alivyoyaona. Hapo ndipo jedwali la ulinganifu laweza kuandikwa, alama moja baada ya nyingine, na matini ikahamishiwa katika Unicode, ambamo ĩ na ũ zina nafasi zake zenyewe.