Kete Kabla ya Kasino

Mwanafunzi wa Nyamirambo akiuliza vile vidude vya duara vichezewavyo kasino badala ya fedha vyaitwaje kwa Kiswahili, walimu wengi hukimbilia kubuni neno. Yafaa kwanza tuitazame historia.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaipoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walikwenda zao, lakini lugha yao ilituachia meza, karata, dadu na turufu, pamoja na kopa, uru, shupaza na pau. Kutoka Kiarabu tulipata kamari. Basi vifaa vya mezani vina majina tangu zamani.

Neno kete lina historia ndefu zaidi. Kwa asili ni kauri, kijigamba kidogo cha baharini. Kauri zilisafirishwa hadi bara zikawa fedha. Huko Buganda, zikiitwa simbi, zilitumika hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Barazani, neno kete likawa jina la kihesabio cha bao, kiwe kauri, komwe au kijiwe. Hivyo kete imesimama kati ya fedha na mchezo, mahali pale pale kinaposimama kidude cha kasino.

Kiswahili kilifika Kigali pamoja na wafanyabiashara na askari, baada ya Richard Kandt kuanzisha kituo cha Wajerumani mwaka 1907. Msikiti wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wageni hao walikuta igisoro, mchezo wa Wanyarwanda wenye mashimo 32 na mbegu 64, idadi ile ile ya bao. Tofauti zipo: katika igisoro mbegu zote hupangwa mwanzoni, katika bao, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akinamua. Hata hivyo, undugu wake ni dhahiri.

Huenda Mwislamu wa Nyamirambo akapinga: kamari ni haramu, mbona jina la bao lipelekwe kasino? Hoja hiyo ni nzito. Lakini kete ni jina la kifaa. Tendo lina jina lake, nalo ni kamari. Tukizitenganisha maana hizo mbili, hatulivunjii bao heshima.

Kwa miaka mingi, nchini Rwanda, kuitwa Mswahili kulikuwa karibu na kuitwa mjanja. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini humo. Mwalimu na amwonyeshe mwanafunzi kwamba lugha hii haikuokotwa njiani: ina hazina yake, na hazina hufunguliwa kabla ya kukopa.